Turubai Nyuma ya Samaki

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la chambo la Doreen, gatini, Ziwa Kootenay, si mbali na mpaka wa Marekani. Dirishani kwake imebandikwa picha yangu nimekumbatia samaki aina ya trauti wa kilo kumi, na nyuma yetu limetandazwa turubai la bluu. Hapa kwetu mtu atakusimulia hata ugomvi wake na mkewe, lakini mahali alipomtoa samaki mkubwa hakuambii ng'o. Akipigwa picha anaficha milima, isije ikamchongea. Wiki nzima nimetamba na picha ile. Leo saa nane mchana, upepo wa kaskazini unarusha mawimbi mpaka juu ya gati, na siwezi kuitazama. Pikapu ya mwenzetu Fred Chernoff imeegeshwa hapa tangu alfajiri. Boti yake haijarudi.

— Fred mjanja, akasema Orville, tunayemwita Kapteni kwa ajili ya kofia tu, maana hajawahi kuendesha hata kivuko. Kajibanza kwenye ghuba anakunywa chai yake. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani!

— Ngamani ni chini, we mzee! Doreen akamkemea kutoka mlangoni, birika mkononi. Usituletee uchuro hapa.

— Basi kanasa dume la trauti, akasema Kapteni, linamburura kama yeye anavyoburura chambo.

— Trauti gani wa kuvuta boti? akadakia Profesa, mwalimu mstaafu asiyekubali kushindwa. Mimi nasema katoroka. Sasa hivi keshavuka mpaka, yuko Marekani, kanyoa ndevu.

— Fred aiache supu ya viazi ya mkewe, Polya? akasema Doreen. Thubutu!

— Au lile dude la chini, akasema Kapteni, sauti ikishuka. Marehemu baba aliliona. Kubwa kama ng'ombe. Linapita chini ya boti, linainua mgongo kidogo tu...

Tukacheka, kicheko cha watu wenye hofu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama bado anacheka.

— Ndiyo hivyo, akasema Profesa. Maji ukiyavulia nguo...

— Nyamaza, Profesa! Doreen akafoka. Kwa jina la Mungu, nyamaza!

Doreen akamimina kahawa, nusu ikaenda kwenye kikombe, nusu kwenye goti langu. Nikainuka kujifuta, na hapo nikaona ndani ya pikapu ya Fred. Jaketi lake la kuokolea maisha, lile la rangi ya machungwa, lilikuwa limekaa kwenye kiti cha abiria. Nikawaonyesha kwa kidole. Maji ya Novemba hapa, kwa ubaridi wake, hayampi mtu hata saa moja ya kuishi, sote tunajua.

Polya, mkewe Fred, akaja mbio akitokea kwenye boti ya uokoaji iliyofungwa mwisho wa gati, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

— Jamani, boti ni hiyo moja tu, na zimebaki saa mbili tu giza liingie. Wanauliza waelekee wapi.

— Kwani hakukuaga, mama? akauliza Kapteni.

— Aliniaga. Alisema anakwenda palepale shemeji alipomtoa yule samaki wake.

Akanigeukia mimi.

— Alisema ulimwelekeza mwenyewe. Ni wapi, shemeji?

— Rasi ya Kunguru, akajibu Kapteni haraka. Si ndivyo ulivyoniambia?

— We! Mimi aliniambia Maporomokoni, kule kusini, akasema Profesa.

— Mimi Mwamba Mweupe, akasema Doreen taratibu. Ng'ambo.

Wote wakanitazama. Samaki yule nilimtoa hapahapa, mbele ya benchi, mita mia kutoka gatini. Lakini ukweli huo haukumfaa Polya. Alichohitaji ni ile porojo niliyompa mumewe. Nikakumbuka Fred alivyoninunulia kahawa asubuhi moja wiki ile, alivyonishika bega akaninong'oneza, "Nigawie na mimi, ndugu yangu." Nikakumbuka nilivyojifanya nasitasita, halafu nikamtajia. Jina nililotaja halikunijia. Nilikuwa nimewadanganya watu wengi mno wiki ile.

Mwisho wa gati injini ikawashwa.

— Shemeji, akasema Polya, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ni wapi?