Kipokezi Kimoja na Sauti ya Mama

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi wetu wa Likoni na Mtongwe, wanafunzi wenzangu: shikamooni. Mimi ni Kahaso, niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Walionifundisha wanajua sauti yangu haifiki dawati la pili, basi nivumilieni.

Leo tunamuaga Mwalimu Agneta, aliyetufundisha biolojia, anayestaafu na kurudi kwao bara. Alipofika hapa, akiitwa alijibu, "Sema!" Tulicheka hadi akaomba tumfundishe kuitika "abee".

Mwalimu, unalikumbuka somo la kinga ya mwili? Mama alikuwa amelazwa, kinga yake mwenyewe ikiyashambulia mafigo yake. Ulituchorea kipokezi, kama sikio lililo juu ya seli, ukasema kipokezi hichohicho katika seli moja huwasha mapambano, na katika nyingine huyazima. Nikainua mkono, mara yangu ya kwanza: "Si madaktari wakizibe tu, mama apone?" Hukunicheka. Ulisema, "Kahaso, ukikiziba kila mahali, utazinyamazisha na seli zinazotuliza. Ishara ni ileile. Kilichomo ndani ya seli ndicho tofauti."

Mama hakupona. Alituachia sauti yake kwenye simu yangu, aliyoirekodi wodini: "Kahaso! Kahaso we! Umempa bibi yako chai?" Bibi akiisikia hucheka, humjibu, "Kanipa, lakini haina sukari!" Baba akiisikia huacha sahani, akatoka nje. Siku moja akaniambia, "Ifute, mwanangu. Inanichoma."

Ningefanyaje? Ningemnyang'anya bibi kicheko chake ili baba apate kula? Nikakumbuka mchoro wako ubaoni. Sikuifuta. Nikawa namwekea bibi aisikilize wakati baba yuko kazini bandarini.

Na mimi je, ni seli ya aina gani? Mwalimu, hilo hukunifundisha. Kila nikiisikia natamani kuikimbilia wodi ile, kisha nabaki kimya.

Juzi baba alirudi mapema, akatukuta tunaisikiliza. Hakutoka. Alisimama mlangoni mpaka mama akamaliza, akaniuliza polepole, "Mamako anakuita, mbona huitiki?"

Nikaitika: "Abee, mama."

Mwalimu Agneta, huko uendako, siku ukitukumbuka, nipigie simu. Niite vilevile ulivyoniita darasani. Nitaitika, na safari hii utanisikia.

Asanteni nyote kwa kuisikiliza sauti yangu ndogo.