Katibu wa Kamati ya Kuwapokea Wageni

Basi la chuo lilipoondoka mabwenini, mbele yangu waliketi wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walioonekana kutojuana: msichana mkimya, na kijana mwenye beji tatu kifuani.

"Mjini mapema hivi, dada?" kijana akauliza.

"Naacha chuo, narudi nyumbani moja kwa moja. Jaribio la takwimu nimepata tisini na mbili, lakini wiki ya saba hii hakuna aliyeniita kwa jina."

"Tisini na mbili! Mimi nimepata kumi na nane, ila sipiti kantini bila kusalimiwa na watu arobaini." Alisema kwa fahari, utadhani salamu nazo zinasahihishwa. Akaeleza kwamba yumo katika vyama saba, na kwamba yeye ndiye katibu wa kamati ya kuwapokea wanafunzi wapya. "Ungekuja kwetu usingekuwa mpweke."

"Nilikuja, kaka. Uliniandika kwenye daftari, ukasema mtanipigia simu."

Kijana akakohoa. Mimi nikatazama nje, ingawa hakukuwa na cha kutazama.

"Basi usiondoke," akasema taratibu. "Nifundishe takwimu, nami nikujulishe kwa watu."

"Hao arobaini? Kuna hata mmoja aliyekuuliza habari za hiyo kumi na nane?"

Basi likasimama kwenye lango kuu. Msichana akavuta begi lake kutoka chini ya kiti. Kijana naye akashika mkanda mmoja wa begi, na sikuweza kujua kama anamsaidia kushuka au anamzuia.