Babu Zege, Majengo Sita na Kiwanja cha Bibi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake wa pili, nami nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu ndiye niliyekaa naye hadi mwisho. Bibi ameniagiza nisimwache mtu nje, na hasa nisimwache mke mwenzake, yaani yale majengo sita ya ghorofa nne ambamo wengi wenu mnaishi.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Babu Zege, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, katika kijiji cha wafinyanzi ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi hadi darasa la sita, akaishia hapo baba yake alipofariki, jambo ambalo hakulisahau, kwani nilipoacha kidato cha pili ili nimwangalie alinishika kichwa akasema sasa tuko wawili.

Mwaka 1965 alipata kibarua cha kubeba kokoto pale majengo yalipokuwa yanaanza, akajifunza kusuka nondo na kumwaga zege. Msanifu aliyeyachora alitaka familia ya dereva na familia ya karani zipate upepo uleule na jua lilelile, ndiyo maana majengo yamesimama juu ya nguzo ili hewa ipite chini, korido ni ndefu na ziko nje ili watu wasalimiane, kuta za ngazi ni za matofali ya matundu, na mapaa ni bapa ili watoto wapate pa kuchezea. Babu aliyapenda maneno hayo kama kijana anavyopenda msichana, na Bibi anasema hapo ndipo mwenzake alipomtangulia.

Walifunga ndoa tarehe 26 Agosti 1967, ingawa kadi zilisema tarehe 12, kwa sababu siku hiyo ya 12 paa la Jengo la Tatu lilikuwa linamwagwa, na zege likishaanza kumwagwa halisimamishwi, husimamishwa bibi harusi. Mwaka huohuo alinunua kiwanja hiki tulipokusanyika, akapiga vigingi vya nyumba, akamwahidi Bibi kwamba paa la Tatu likitulia tu ataanza msingi.

Paa la Tatu halikutulia. Maji yalituama juu yake kila msimu, na Babu, ambaye mwaka 1969 alifanywa msimamizi wa majengo akapewa chumba chini ya ngazi, alikuwa akisikia ngurumo tu anainuka kitandani na ndoo yake ya lami, naye Bibi anageukia ukutani na kumwambia, "Nenda, mwenzangu anakulilia."

Walijaliwa watoto watatu, na wa pili, mama yangu, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1973 kwenye ngazi za Jengo la Tatu, kwa kuwa Bibi alishikwa na uchungu akapanda mwenyewe kumwita mumewe ashuke kutoka juu ya paa. Fundi bomba alimpongeza Babu kwanza kwa kuzibua mfereji wa paa, halafu kwa mtoto, na Bibi hajamsamehe, ingawa leo amekaa mstari wa mbele.

Babu alistaafu mwaka 2003, kwa jina tu. Tarehe 9 Juni mwaka jana alipata kiharusi, na kadiri siku zilivyokwenda majina yetu yakamtoka, akawa ananiita mpangaji wa namba kumi na saba, ananiuliza kama bomba langu bado linavuja, nami namlisha uji huku namwonea wivu mpangaji huyo, ambaye hata simjui. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 4 Februari asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja, mvua ikinyesha, mkono wake ukipapasa pembeni mwa kitanda kutafuta ndoo.

Viti hivi Bibi amevipanga mwenyewe kwa kufuata vigingi vilevile vya mwaka 1967. Wazee mko sebuleni, akina mama mko chumba cha watoto, ninyi mliosimama kule nyuma mko jikoni, na kaburi liko chumbani kwake. Amekataa lisakafiwe, anasema zege limeshakaa na mumewe vya kutosha. Wapangaji wa Tatu wamekuja na tofali moja la matundu wakitaka liwekwe kichwani, Bibi akalikataa kabisa, nalo limeshinda barabarani kwenye mkokoteni. Muda mfupi kabla sijasimama hapa amenivuta kando akasema, "Haya, mwambie mwenzangu aingie. Lakini akae miguuni, kichwani ni kwangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa majengo yote sita, na mafundi wenzake, hata fundi bomba.

Babu, hatimaye uko nyumbani kwa Bibi. Pumzika kwa amani, na mvua ikinyesha usiamke.