Majivu ya Mzee Fulgence

Basi la kutoka Tunduru lilikuwa linaingia Songea, na Epifania alikuwa anasikiliza ya wenzake bila aibu. Kiti cha mbele yake, mwalimu kijana alikuwa anamhoji mzee aliyekutana naye humo humo garini.

“Lakini mzee wangu, umesema wiki mbili unabishana kwenye grupu la WhatsApp kwamba mahindi ni ya kuhifadhi kwa majivu tu. Sasa hiyo mifuko miguuni si ndiyo ile isiyopitisha hewa, uliyoiita utapeli?”

“Ndiyo yenyewe. Wadudu wa dumuzi wamenimalizia gunia zima.”

“Si uwaambie?”

“Watu mia mbili, mwalimu! Halafu kuna mmoja anajiita Mama Judica, ana mdomo huyo! Angekuja nyumbani akaniambia taratibu, tungeyamaliza kwa chai. Yeye anataka nishindwe mbele za watu.”

Mzee akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, kwa bidii ya mtu anayepanda mbegu.

Simu ya Epifania ikatetemeka. Judica ni binti yake wa kwanza. *Mama Judica, majivu ya babu hayajawahi kuniangusha. Fulgence.*

Jibu alikuwa nalo, tena kali. Alishafika kwenye neno “mifuko” basi liliposimama Mfaranyaki. Mzee akageuka.

“Mwanangu, hebu nishikie hii mifuko nishuke.”

Epifania akaipokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na simu, na ujumbe haujatumwa.