Jina Nililolitaja

Asalaam aleikum, na wenzangu wa kanisani, amani iwe kwenu. Nashukuru kupewa nafasi. Mwenyekiti wa mkutano huu amesema nisiogope, lakini naogopa, kwa hiyo nivumilieni nikisimama kidogo katikati ya maneno.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen. Kibanda changu kilikuwa karibu na stendi, na droo yangu ilijaa laini za watu, simu zilizokufa, betri. Hiyo droo ndiyo iliyonimaliza.

Walikuja alasiri, wateja wakiwa wamesimama pale. Watu wanne, gari halina namba. Mmoja akaimwaga droo mezani akaniuliza, "Laini zote hizi za nini? Unawaunganisha akina nani?" Nikasema ni za wateja. Alinipiga kofi mbele yao; mpaka leo mteja mmoja akiniona huangalia chini. Wakanivika gunia kichwani, tukaenda.

Ndugu zangu, sijui nilipelekwa wapi. Sijui zilikuwa siku ngapi. Palikuwa na chumba cha saruji na ndoo, na bomba la kuningʼinizia mtu kwa mikono. Walikuwa na koleo. Mnaona vidole hivi vitatu havina kucha. Aliyekuwa akizingʼoa alikuwa akinywa chai. Anangʼoa, anapiga funda, anauliza, "Taja jina." Nikisema sina jina, anasema, "Basi tuendelee," kwa upole, kama kinyozi.

Nilivumilia vidole viwili. Nawaambia ukweli, sitajifanya shujaa. Kwenye kidole cha tatu nilitaja.

Nilitaja nani? Asubuhi ile ile, kabla hawajaja, mvuvi mmoja wa Chara aliniletea simu iliyoanguka majini. Nilibandika selotepu juu yake nikaandika jina lake na kijiji. Basi, katika yale maumivu, nikaiona akilini ile selotepu, nikasoma. Mtu simjui, tumeongea maneno kumi maishani. Nikawapa jina lake na kijiji chake. Wakanishusha. Wakanipa maji. Wallahi niliyanywa kwa furaha.

Siku mbili tatu baadaye nikamsikia chumba cha pili. Alikuwa akipiga kelele, "Mimi ni mvuvi! Mimi ni mvuvi!" Nikaziba masikio kwa mikono hii mibovu.

Halafu wakaniachilia. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna karatasi. Wakanitupa kando ya barabara karibu na Minjila, mchana kweupe, mmoja akaniambia, "Tulikosea mtu. Nenda, na hujaona kitu."

Nyumbani nilipokewa kwa machozi. Majirani walileta vyakula, walinisifu kwamba nimevumilia. Kila aliyenisifu ni kama alikuwa akinitemea mate. Bisibisi sikuweza kushika, kibanda kikafungwa.

Sasa sikieni ubaya wangu. Mke wa yule mvuvi alisikia nimetoka. Akaja kutoka Chara, akakaa mlangoni kwangu. "Kaka, wewe umetoka huko. Hukumwona mume wangu?"

Nikasema, "Sikumwona."

Alikuja mara tatu. Mara tatu nilimjibu hivyo hivyo. Mara ya tatu alinishukuru, akaniombea dua nipone.

Mumewe aliachiliwa baada ya wiki kadhaa, naye bila kushtakiwa. Tulisikia sikio moja halisikii tena. Hapo chakula kikanikataa kabisa. Nilimweleza mama yangu kila kitu, nikidhani atanifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, umeniambia mimi. Mimi ndiye uliyenitaja?" Akachukua buibui lake. "Simama twende Chara."

Tulimkuta mvuvi amekaa nje ya nyumba yake. Sikungoja kukaribishwa kiti. Nikasema kwa sauti, kwa sababu ya lile sikio, "Mimi ndiye niliyekutaja."

Akaniangalia usoni. "Najua," akasema. "Walirekodi sauti yako, wakanisikilizisha."

"Mbona hukuja kunidai haki yako?"

"Ningekuja kwa uso gani? Na mimi walitaka jina. Niliwapa ndugu yangu wa tumbo moja. Yeye hajarudi."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Alikuwa hajui. Aliliweka birika chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Mvuvi akaanza kulia. Mama yangu akamshika bega, mimi nikakaa chini mchangani karibu naye. Tulikaa hivyo mpaka jua likageuka.

Tangu siku ile hatujaachana. Tulikwenda wote wawili tukaandikisha maelezo, kwa majina yetu. Namshukuru yule dada wakili anayetuandikia bila kuchoka. Namshukuru muuguzi aliyenifunga vidole hivi kila siku bila kuniuliza maswali. Namshukuru mama yangu. Na wewe ndugu yangu wa Chara, uliyekaa hapo mbele, nakushukuru kwamba hukunifukuza. Shemeji, mkeo, amerudi kuongea nawe, lakini na mimi bado. Sina haki ya kumharakisha.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Aliyeshika koleo ndiye mwenye dhambi ile, na tutamtafuta. Lakini ule uongo wa mlangoni kwangu hakuna aliyenilazimisha. Ule ni wangu. Kama kuna mtu humu ametaja jina, na najua mpo, nenda kamwambie mwenyewe au watu wake. Usiwaache wakikuombea dua.

Yule ndugu wa mvuvi bado hajapatikana. Kila Jumatano tunakwenda kituo cha polisi kumuulizia, na kila Jumatano wanatuambia hawamjui. Jumatano hii tunakwenda tena. Tulikuwa wawili, sasa tuko sita. Anayeweza, aje.