Tūroa Kereama, Aliyeliliwa Kabla ya Siku Yake

Tumekusanyika kumrudishia Mungu mtu wake, Tūroa Wī Kereama, ambaye wengi mlimwona kwenye televisheni kwa miaka thelathini na zaidi bila kulijua jina lake.

Alizaliwa kijijini Tikitiki tarehe 9 Agosti 1955, mtoto wa nne wa marehemu Paratene na marehemu Ākenehi Kereama. Siku hiyo mto Waiapu ulikuwa umefurika, mkunga akashindwa kuvuka, na mtoto akapokewa na nyanya yake. Alibatizwa katika kanisa la Anglikana la hapo kwao.

Alisoma shule ya msingi Tikitiki, kisha sekondari Ruatoria hadi mwaka 1971. Vitabu havikumkaa sana, ila kuiga watu alijaliwa. Siku moja alisafisha koo nje ya mlango, na darasa zima likasimama likidhani ni mwalimu mkuu.

Alifanya kazi katika kiwanda cha nyama Gisborne. Mwaka 1983 watu wa televisheni walimtafuta mtu wa kuigiza muuza nyama, mradi awe anajua kushika kisu. Tangu hapo hawakumwacha. Hakuwahi kuwa mhusika mkuu hata mara moja, wala hakuulilia ukuu huo. Alikuwa dereva wa lori, kasisi mlevi, baba katili. Alipoigiza hakimu, alimpa hakimu huyo maumivu ya mgongo, na mtazamaji akaelewa hasira yake yote. Alipokuwa sajenti wa kupeleka habari za msiba, alivua kofia kabla ya kugonga mlango. Hakuna aliyemwagiza. Alitokea kwa dakika mbili, akaondoka, na nyumba ikabaki na baridi.

Tarehe 12 Januari 1980 alimwoa Merepeka Haerewa, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Hōne. Merepeka alizoea kutembea na mtu mwenye nyuso nyingi. Mara moja, dukani Gisborne, bibi mmoja alimpiga Tūroa kwa mfuko wa viazi vitamu.

“Huoni haya? Kumcharaza mtoto wa watu vile!”

“Nisamehe, mama. Lakini yule mtoto tulikula naye aiskrimu baada ya kazi.”

“Aiskrimu haifuti kipigo!”

Merepeka alicheka mpaka akakaa chini.

Hakucheka Machi 2017. Tūroa aliitwa kuigiza babu aliyekufa, alale katika jeneza lililo wazi ndani ya nyumba ya ukoo, na akina mama wa huko waje kumlilia.

“Baba Hōne, hii iache,” Merepeka alimwambia.

“Ni sanduku tu, mke wangu. Nitalala, watanilipa.”

“Uchuro haulipwi.”

Akaenda, na Merepeka akaenda naye. Mzee wa ukoo aliomba, akamnyunyizia maji. Aliyeongoza kilio alikuwa Bibi Hērā, shangazi yake Tūroa. Kwetu maiti husemeshwa kama aliye hai, huitwa kwa jina na kuulizwa kwa nini anatuacha. Bibi Hērā alianza vizuri na jina la yule babu wa tamthilia. Kisha sauti ikampanda, machozi yakamshuka, na likatoka jina jingine.

“Tūroa ee, mwana wa Ākenehi, mbona umetangulia? Nenda basi, mama yako anakungoja.”

Wenyeji wote waliinamisha vichwa. Tūroa hakutikisika. Merepeka, akiwa mlangoni, alikitazama kifua cha mumewe na hakukiona kikipanda.

Alipoinuka alisema, “Shangazi, umenililia mapema.”

“Nisamehe, mwanangu. Nilikuona wewe. Yule wa kwenye karatasi sikumwona.”

“Siku yangu ikifika, usije ukasema ulishamaliza.”

Watu walicheka. Merepeka alimvuta kando.

“Waambie wakikate kile kilio.”

“Miaka yote nasema maneno mawili natoka. Leo sikusema hata moja, na wote wameniamini. Sijafanya kazi nzuri kuliko hii.”

“Ni nzuri kwa sababu ni kweli. Mdomo huumba, Tūroa.”

Hakukubali kikatwe. Tamthilia ilipoonyeshwa mwezi Agosti, Merepeka alijifungia jikoni na Zaburi ya tisini na moja. Siku iliyofuata ndugu mmoja alipiga simu kutoka Perth akilia, akiuliza mazishi ni lini.

Februari 2018 Tūroa alianza kukonda. Mwezi Mei madaktari walikuta saratani ya kongosho. Merepeka hakusema “nilikuambia.” Bibi Hērā alikuja hospitalini na fimbo yake na chupa ya maji ya mto Waiapu.

“Nimekuja kuliondoa neno langu.”

“Neno lako halina kosa, shangazi. Saa ni ya Mungu.”

Walipobaki wawili, Merepeka alimuuliza kama anaogopa.

“Naogopa. Yule wa kwenye jeneza hakuogopa. Alijua ataitwa kula chakula cha mchana.”

Alilala katika Bwana tarehe 3 Novemba 2018, nyumbani Tikitiki, familia ikiwa katikati ya wimbo.

Alipoletwa hapa nyumbani kwa ukoo, Bibi Hērā aliketi ubavuni pa jeneza, kinywa amekifumba. Siku ya kwanza ikapita. Akina mama wengine walimngoja, naye akatikisa kichwa. Siku ya pili Merepeka aliuweka mkono wake juu ya mkono wa bibi.

“Shangazi, mwite.”

“Naogopa jina lake.”

“Safari hii ni lake. Mwite asikie.”

Ndipo Bibi Hērā alipomwita, na kilio mlichokisikia mkiwa getini kilikuwa hicho.

Marehemu ameacha mjane, Merepeka, watoto Hōne, Ripeka na Wharepapa, wajukuu watano, dada yake Tangiwai, na shangazi yake, Bibi Hērā.

Ee Bwana, mlaze Tūroa mahali ambapo hakuna atakayemwita ainuke ila Wewe. Amina.