Speciosa Lukeba na Vyumba Tisa vya Karatasi

Ndugu, jamaa na majirani, amahoro. Familia ya Mzee Lukeba inawaomba utulivu wa dakika chache, muisikie safari ya binti yao Speciosa Cibalonza Lukeba, ambaye mwenyewe, miezi mitatu kabla ya kufariki, aliomba aonyeshwe maneno haya kama yalivyokuwa wakati ule, akasahihisha tarehe mbili na kufuta neno “mpole.”

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 huko Mboko, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lukeba, fundi wa mitumbwi, na Mama Naomie, na mwaka 1974 wazazi walivuka ziwa pamoja naye wakahamia Rumonge, ambako karatasi ya kwanza aliyoandikiwa ilisema amezaliwa tarehe 6 Septemba, kosa ambalo, alipokua, alilifuatilia ofisini kwa miaka kumi na mmoja hadi likarekebishwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Rumonge kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na shule ya ualimu, akapata diploma yake mwezi Julai 1990, na Septemba ya mwaka huohuo akaanza kufundisha Gatete, alikofundisha miaka kumi na minane, vita ikiwepo na vita isipokuwepo, akiita majina ya watoto kila asubuhi hata siku ambazo waliofika walikuwa wanne.

Tarehe 21 Agosti 1993 alifunga ndoa na Melkiades, mfanyabiashara wa mawese, wakajaliwa watoto watatu, Darius, Schékinah na Samy, na Schékinah ameomba isemwe hapa kwamba kuishi na mama yao hakukuwa rahisi, kwa sababu kila jambo aliwauliza mara mbili, asubuhi kwa njia moja na jioni kwa njia nyingine, aone kama jibu litabaki lilelile.

Tabia hiyo aliitoa kazini, maana mwaka 2009 aliacha ubao akaingia kazi ya anketi, yaani kupita nyumba kwa nyumba na shule kwa shule akiwa na fomu, akiuliza watoto wangapi wanasoma, shule iko umbali gani, na wazazi wakipeleka shida yao kwa viongozi wanajibiwa baada ya muda gani. Alitembea Kizuka, Gatete na milima ya juu pamoja na rafiki yake Hadija, ambaye yupo hapa, wakipanda pikipiki moja, na Hadija anasema mwaka wa kwanza watu waliwapa viti na ndizi, mwaka wa tano waliwapa viti, na mwaka wa saba walijibu wamesimama mlangoni. Shule zilezile zilikuwa za mkoa wa Bururi, zikawa za mkoa wa Rumonge, na sasa ni za Burunga, kila mara fomu zikachapwa upya na hodi ikapigwa upya, lakini ripoti haikurudi hata mara moja kwa waliojibu, na marehemu alimwambia mume wake kwamba anaona haya kupita mbele ya nyumba za watu kama mtu aliyeazima chungu na kukaa nacho.

Mwezi Oktoba 2016 alihesabu shule moja ya mlimani, ambayo familia imeshauriwa isiitaje, akakuta wanafunzi mia nne na kumi na wawili, vyumba vitatu na choo kimoja, na Februari 2017, alipoitwa na waliompa kazi ili aweke sahihi kwenye ripoti, akakuta vyumba tisa. Alidhani ni kosa la mashine. Msimamizi wake akamwambia kwa upole, “Mama Speciosa, tisa ni ile iko mu plani, ripoti inaangalia mbele,” naye akajibu, “Basi na watoto wakae mu plani,” akarudisha kalamu mezani, akatoka, na kwa miaka miwili hakuitwa tena kazini.

Nyumbani alikaa siku kadhaa akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa, mpaka Melkiades akamwuliza anangoja nini, na Alhamisi ya tarehe 6 Aprili 2017 alipanda mlima na nakala yake ya fomu, akawasomea wazazi majibu yao wenyewe kuanzia swali la kwanza. Mzazi mmoja, Mzee Aruna, akasimama akamwambia, “Mama mwalimu, vyumba vitatu tunaviona kila siku, sisi ndio tunapeleka watoto. Umepanda huku juu kutuambia nini?” Marehemu akashusha karatasi yake, akasema, “Nimekuja kuwaambia kwamba kule chini wanajua iko tisa.”

Walicheka kwanza, halafu hawakucheka tena. Siku ileile waliandika barua, watu mia moja na themanini na sita wakaweka vidole, wakaipeleka, wakaambiwa ipite kwanza ofisi nyingine, wakaipeleka huko, wakaambiwa muhuri haupo, wakairudisha na muhuri, wakaambiwa barua ni ya mwaka uliopita, na kila safari marehemu alikwenda nao, akikaa kwenye benchi na kuuliza swali lilelile kwa njia tofauti. Mwaka 2020 vilijengwa vyumba vitatu, kimoja bila mlango. Vyumba leo ni sita, karatasi bado inasema tisa, na ofisa aliyemweleza marehemu hali hiyo alisema ni maendeleo, kwa sababu tofauti imepungua.

Mwezi Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa Rumonge, kisha Bujumbura, na tarehe 28 Januari 2026, marehemu akiwa amelazwa, akapita dada mmoja na fomu ya kuuliza wagonjwa kama huduma ni nzuri sana, nzuri au ya wastani. Marehemu alijibu maswali yote, halafu akauliza, “Dada, haya majibu mutaturudishia lini?” Dada akasema hajui, na kwamba fomu haina nafasi ya maswali ya mgonjwa. “Geuza karatasi,” marehemu akamwambia, “nyuma ni nyeupe,” na yule dada akaigeuza, akaandika.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba na miezi minane, ameacha mgane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa anketi wakiongozwa na Hadija, na wazazi wa ule mlima, walioshuka leo kwa miguu na kwa basi ndogo, watu themanini na mmoja, Hadija amewahesabu mara mbili. Murakoze cane.

Mama Darius, pumzika, miguu yako imetufikia sote, na leo sisi ndio tumekuja kwako.